Nyundo ya mkono, Schmidt, pointi lodi au koni: uchague kifaa kipi kupimia nguvu ya mwamba mgodini?

Mpwa wangu alikuja Mtwara likizo wakati wa korosho, na kabla hajashusha begi akaanza na swali. "Shikamoo mjomba. Bosi ametaka nimpelekee jina la kifaa kimoja cha kupimia nguvu ya mwamba. Pesa haitoshi viwili. Nimtajie kipi?" Yeye ni fundi msaidizi wa jiolojia katika mgodi wa makaa ya mawe unaochimbwa chini ya ardhi. Nilimwitikia marahaba, nikamkalisha barazani, na swali lake likatuchukua mpaka usiku. Ninayoandika hapa ni yale niliyomweleza, pamoja na mengine yaliyonijia baada ya yeye kwenda kulala.

Huku Mtwara na Lindi hatuna mgodi wa makaa wa chini ya ardhi. Tunachokiona ni malori ya makaa yanayotoka Ruvuma, yakipita Tunduru na Masasi mpaka bandarini kwetu. Pale Ngaka, wilaya ya Mbinga, makaa huchimbwa kwa shimo la wazi. Waliozoea kuingia chini kufuata makaa ni watu wa Kiwira, upande wa Songwe. Lakini vijana wa Masasi, Nachingwea na Ruangwa hufuata kazi popote ilipo, na hata aliyebaki nyumbani akichimba dhahabu Ruangwa au akifanya kazi kwenye kinywe (grafiti) atakutana na swali lile lile: jiwe lililo juu ya kichwa changu lina nguvu kiasi gani, na nitajuaje kwa kifaa ninachoweza kukibeba mwenyewe?

Vifaa tulivyovilinganisha ni vinne: nyundo ya mkono ikiandamana na kisu, nyundo ya Schmidt, mashine ya pointi lodi, na kipimakoni. Kila kimoja nimekishika kwa mikono yangu, na kila kimoja nimekiona kikisaidia mahali fulani na kikipotosha mahali pengine.

Tunapima nini hasa

Mhandisi anapopanga urefu wa bolti za paa, yaani vyuma vinavyoingizwa kushikilia jiwe la juu ya njia, au upana wa nguzo za makaa zinazoachwa kubeba mzigo wa juu, namba anayoidai ni nguvu ya mgandamizo: jiwe likibanwa, litavumilia kiasi gani kabla ya kuvunjika. Huandikwa kwa megapaskali, yaani MPa. Kipimo chake kamili ni cha maabara. Kori, ule mche wa jiwe unaotoka kwenye uchorongaji, hukatwa urefu wa mara mbili hadi tatu ya kipenyo chake, ncha zake husawazishwa, kisha hubanwa kwenye mashine kubwa mpaka ipasuke.

Njia hiyo ni nzuri kwa jiwe gumu. Kwa miamba inayoandamana na makaa ina mtego. Katika matabaka ya Karoo, yaani miamba ya kale inayobeba makaa, makaa hukaa katikati ya miamba ya mchanga, miamba ya tope, na ile iliyochanganya mchanga na tope katika tabaka nyembamba kama kurasa za daftari. Mwamba wa tope hutoka chini ukiwa na unyevu wake. Uache juani na utauona ukianza kujipasua wenyewe. Upakie garini kwenda Dodoma au Dar es Salaam, na vipande vitakavyofika vizima ni vile vigumu kuliko vyote. Maabara itapima hivyo vigumu, halafu ripoti itarudi ikilisifia paa zima kwa sifa ya vipande vichache vilivyostahimili safari. Kifaa cha mkononi kinapima jiwe pale pale, likiwa bado katika hali yake, na hilo ni jambo ambalo maabara haiwezi kulifanya hata iwe kubwa namna gani.

Watu wa Kilwa walilijua hili la unyevu karne nyingi zilizopita. Matumbawe yaliyotumika kuchongea mihirabu na nakshi za Kilwa Kisiwani yalitolewa baharini yakiwa laini, yakachongwa yangali mabichi, kisha yakakauka na kuwa magumu. Kwa hiyo jiwe lile lile lingekupa namba mbili, moja likiwa bichi na nyingine likiwa kavu. Ndiyo maana kwenye daftari langu kila kipimo kina neno moja pembeni: kavu, chepechepe, au limelowa.

Maswali matano ya kuulizia kila kifaa

La kwanza, kinahitaji jiwe la umbo gani: ukuta mzima, kori, bonge, au kibanzi? La pili, kinasema nini kuhusu matabaka? La tatu, kinaaminika kwenye jiwe laini? La nne, ni salama penye gesi inayolipuka? La tano, kubeba, kutunza na kujifunza kwake kukoje?

Swali la pili ndilo ninalolishikilia kuliko yote, na nitaeleza kwa nini. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilipima paa la njia moja ya mgodini kwa nyundo ya Schmidt. Lilikuwa jiwe la mchanga, namba zilikuja juu na zinafanana, nikaandika kwamba paa ni zuri. Siku chache baadaye, wakati wa kubadilishana zamu, bamba la jiwe lenye ukubwa wa mlango lilishuka. Hakukuwa na mtu chini yake. Nilipokwenda kuliangalia, mgongo wake ulikuwa laini kama sahani: lilikuwa limeachana na jiwe la juu yake kwenye utando mwembamba wa makaa, mwembamba kuliko kucha. Nyundo haikusema uongo. Nilipogonga palikuwa pagumu kweli. Ila sikuwa nimeuliza jiwe lile linaachia wapi, nami nilikuwa nimewaruhusu watu wapite chini yake. Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza jiwe lina nguvu kiasi gani, nauliza lina nguvu kwa upande upi.

Nyundo ya mkono na kisu

Hiki ndicho kifaa ambacho watu hukidharau, na mimi nakiheshimu sana.

Umbo la jiwe: lolote. Ukuta, paa, kifusi, kori.

Kazi yake ina utaratibu unaokubalika duniani kote katika fani ya miamba, si kubahatisha. Jiwe unaloweza kulichonga kwa kisu cha mfukoni lina MPa 1 hadi 5. Likichongeka kwa taabu, ni 5 hadi 25. Kisu kikishindwa, lakini pigo moja la nguvu la nyundo ya jiolojia likalivunja, ni 25 hadi 50. Likitaka zaidi ya pigo moja, ni 50 hadi 100. Likitaka mapigo mengi, ni 100 hadi 250, na juu ya hapo nyundo inabandua vibanzi tu.

Kwa migodi ya makaa ipo njia nyingine iliyoingizwa kwenye mfumo wa kupanga ubora wa paa uliotolewa Marekani mwaka 1994, unaoitwa kwa kifupi CMRR. Unatumia nyundo ya makanika, ile yenye kichwa cha mviringo upande mmoja, na unaangalia alama inayobaki. Nyundo ikidunda bila kuacha alama, jiwe lina zaidi ya MPa 103. Ikiacha vitobo vidogo, ni 55 hadi 103. Ikibonyeza tu, ni 21 hadi 55. Ikichimba kishimo kama bakuli, ni 7 hadi 21. Ikizama na jiwe likachukua umbo la kichwa cha nyundo, liko chini ya 7.

Kuhusu matabaka, nyundo ikipewa mwenzake tindo inajibu vizuri ajabu. Weka ncha ya tindo kwenye mstari wa tabaka, gonga. Likifunguka kwa pigo jepesi, umeshajua zaidi ya vile ambavyo Schmidt ingekwambia kwa mapigo ishirini. Na kabla ya hayo yote, gonga paa kwa mtaimbo na usikilize. Paa lililoshikana hulia kwa sauti kavu ya chuma. Lililoachana hulia kama debe tupu.

Kwenye jiwe laini ndipo kinapofanya vizuri zaidi, maana ngazi zake za chini zimetofautishwa wazi. Udhaifu wake uko kwa mpimaji. Mkono wangu na mkono wa kijana wa miaka ishirini havipigi sawa, na ngazi zenyewe ni pana: kusema "25 hadi 50" ni kusema jiwe moja linaweza kuwa na nguvu mara mbili ya lingine na yote mawili yakaandikwa ngazi moja. Dawa yake ni watu wawili kupima jiwe moja bila kuoneana madaftari, kisha kulinganisha.

Usalama: chuma kikigonga jiwe la mchanga lenye kwazi (quartz) nyingi hutoa cheche. Gesi ya methani ikichanganyika na hewa kwa asilimia 5 hadi 15 inalipuka. Kwa hiyo hata nyundo ya kawaida inasubiri kipimo cha gesi kwanza. Hili halina mjadala kwa kifaa chochote kati ya hivi vinne.

Kinamfaa nani? Mchimbaji mdogo, fundi anayepita njia nyingi kwa siku moja, na yeyote anayeanza kujifunza. Hakimfai anayetakiwa kupeleka namba moja yenye uzito kwenye hesabu ya nguzo.

Nyundo ya Schmidt

Ilibuniwa Uswisi na mhandisi Ernst Schmidt mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa ajili ya zege. Ndani kuna springi inayosukuma kipande cha chuma kigonge fimbo iliyoegemezwa kwenye jiwe. Chuma kinadunda nyuma, na kimo cha kudunda kinasomwa kwenye kipimio. Jiwe gumu hurudisha sana, jiwe laini humeza pigo.

Kwa watu wa Mtwara na Lindi faida yake ni kwamba ni rahisi kumpata mtu anayeijua. Mafundi wa zege na wapimaji wa madaraja wanayo. Lakini ukiiazima kwao, angalia mambo mawili. Kwanza, aina. Ya wajenzi mara nyingi ni N, yenye pigo la jouli 2.207. Kwa miamba ya makaa, ambayo mingi si migumu sana, aina ya L yenye jouli 0.735 hupiga kwa upole na haivunji kile inachokipima. Pili, ule mchoro uliobandikwa ubavuni kugeuza kudunda kuwa nguvu ni wa zege. Usiusomee jiwe. Kila mgodi unahitaji kutengeneza uhusiano wake wenyewe kwa kulinganisha na vipimo vya maabara au vya pointi lodi.

Umbo la jiwe: inataka kitu kikubwa kisichotikisika. Ukuta wa njia ni mzuri, bonge kubwa lililokaa imara linafaa. Kipande kidogo mkononi kinayumba, nguvu inapotea, na namba inashuka bila kosa la jiwe. Kori lazima ilazwe kwenye kitako kizito cha chuma chenye mfereji. Uso wa jiwe usuguliwe kwanza, vumbi na maganda yaliyolegea yatoke.

Mapigo yawe 20, kila moja mahali pake, usirudie alama ya zamani. Usijipe ruhusa ya kufuta namba zisizokupendeza, maana namba ya chini katikati ya namba za juu huwa ni ufa uliojificha, na huo ndio habari.

Sasa jambo ambalo mpwa wangu hakuwa amelisikia. Mgodini tunapima paa, maana yake nyundo inaelekezwa juu. Chuma kikishagonga kinadunda kuja chini, na uzito wake wenyewe unakisaidia kurudi. Namba inakuwa kubwa kuliko haki yake. Ukipiga sakafu mambo yanageuka. Mtengenezaji hutoa jedwali la kurekebisha, na asiyelitumia anajidanganya kwa upande mbaya, upande wa kuliona paa kuwa zuri kuliko lilivyo.

Matabaka: inagusa sentimita chache tu. Utando ulio juu zaidi haiuoni, au utando huo unaifanya isome chini bila kukuambia sababu. Kwenye makaa yenyewe na mwamba wa tope uliolainika, kudunda kunakuwa kudogo mno na tofauti kati ya jiwe dhaifu na dhaifu zaidi hupotea.

Usalama: ile ya kawaida haina betri, hilo ni zuri. Lakini nyingi zina ganda la aluminiamu, na migodi ya makaa yenye gesi huweka masharti makali juu ya metali nyepesi, kwa sababu aluminiamu ikigongana na chuma chenye kutu inaweza kutoa cheche kali. Muulize afisa usalama kabla ya kuagiza.

Matunzo: chumvi ya hewa yetu ya pwani haina huruma na springi. Ihifadhi kavu, isafishwe, na kila baada ya muda ijaribiwe kwenye fuawe lake maalumu la chuma. Aina ya N ikiwa nzima husoma karibu 80 pale. Ikisoma 72, nyundo ni mgonjwa na vipimo vyako vya wiki nzima havifai.

Inamfaa anayehitaji kupita njia ndefu na kujua wapi mwamba unabadilika. Mtu mmoja anaweza kupima sehemu nyingi kwa zamu moja, bila kung'oa hata jiwe.

Pointi lodi

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi, na kahawa ikaongezwa.

Fikiria fremu ya chuma yenye jeki ya mafuta na vidole viwili vinavyoelekeana. Kila kidole kina umbo la koni ya nyuzi 60, ncha yake ikiwa na mviringo wa milimita 5. Unaweka jiwe katikati, unasukuma mkono wa pampu, vidole vinalibana mpaka lipasuke, na geji inakuachia namba ya juu kabisa iliyofikiwa. Jiwe lipasuke kati ya sekunde 10 na 60. Utaratibu wake wa kimataifa ulichapishwa mwaka 1985 na bado ndio unaofuatwa.

Umbo la jiwe: kori iliyobanwa ubavuni, kori fupi iliyobanwa toka ncha hadi ncha, tofali, au bonge lisilo na umbo lenye ukubwa wa milimita 50, zaidi au pungufu ya 35. Hapo ndipo penye thamani kwa mgodi usio na pesa ya kuchoronga: unaokota bonge lililotoka paani leo, unalipima leo.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme kori ina kipenyo cha milimita 50, umeikata urefu wa milimita 40, umeibana kwa ncha zake ikapasuka kwenye kilonyuton 5. Eneo la kukokotolea ni 4 mara 50 mara 40, gawa kwa 3.14, unapata kama milimita za mraba 2,547. Nyuton 5,000 ukigawa kwa 2,547 ni karibu MPa 1.96. Hiyo ni faharisi, yaani namba ya kulinganishia, bado si nguvu ya mgandamizo. Kwa miamba ya makaa ya Marekani, watafiti walilinganisha vipimo vingi vya aina mbili hizi, na mwaka 2000 wakapendekeza kizidishi cha 21. Kwa hiyo 1.96 mara 21 ni kama MPa 41. Kwa miamba mingine kizidishi huwa 20 hadi 25, na kimewahi kuonekana kuanzia 15 mpaka 50, ndiyo maana sikubali mtu achukue 21 kama aya. Ni mahali pa kuanzia mpaka mgodi wako upate chake. Sampuli isiyo na ukubwa wa milimita 50 ina rekebisho lake, nalo lisirukwe.

Matabaka, sasa. Kori ikitoka kwenye shimo la wima na matabaka yamelala, unaweza kuibana kwa namna mbili. Toka ncha hadi ncha, unakatiza matabaka. Ubavuni, vidole vinaingia sambamba na matabaka na kuyatenganisha kama kabari inavyopasua kuni. Fanya zote mbili. Kama kwa ncha ulipata 1.96 na kwa ubavu ukapata 0.3, umeshaelewa jiwe hilo: lina nguvu likikandamizwa kutoka juu, lakini msukumo wa mlalo ukija litafunguka kama kitabu. Namba ya ubavuni usiizidishe kwa 21. Iache ilivyo, iite nguvu ya matabaka, iweke safu yake kwenye daftari. Lile bamba langu la ukubwa wa mlango lingejulikana kwa kipimo kimoja cha namna hii.

Vipimo viwe angalau kumi kwa kila aina ya mwamba. Mpasuko usiopita kwenye vidole vyote viwili tupa, maana jiwe limebanduka tu pembeni.

Jiwe laini sana: vidole vinazama kabla jiwe halijapasuka, na umbali kati yake unabadilika. Chini ya MPa 25 hivi za mgandamizo, namba zake zichukuliwe kwa tahadhari.

Usalama: pampu ya mkono na geji ya mshale hazina umeme. Geji za kidijitali zinapendeza machoni, ila bila cheti cha kutumika penye gesi zisishuke chini. Wengi hupima juu, kwenye kibanda karibu na mlango wa mgodi, mabonge yakiwa yamefungwa kwenye plastiki yasikauke. Vipande huruka: miwani ni lazima.

Uzito wake unadai mtu wa pili wa kusaidia kubeba. Siyo kifaa cha kuning'iniza begani kwenye njia yenye kimo cha chini ya mita moja na nusu. Mafuta ya jeki yakivuja, geji inadanganya taratibu, na kupeleka geji kuhakikiwa kutoka kusini huku kunataka safari.

Kinamfaa anayehitaji namba ya kupeleka kwa mhandisi, na hasa anayeshuku matabaka. Hakimfai anayetaka picha ya njia ya kilomita nzima ifikapo jioni.

Kipimakoni

Kifaa hiki kilitoka katika utafiti wa Bodi ya Taifa ya Makaa ya Uingereza, na kinafaa penye tatizo hili: mwamba wa tope unaovunjika vipande vidogo mno hata kori haipatikani. Kinakaa kwenye kisanduku cha mkononi. Unachohitaji ni kibanzi cha milimita 12 kwa 12, unene wa 6. Koni ngumu inasukumwa ndani ya kibanzi kwa nguvu ya nyuton 40, bapa la chuma linapinda, na unalinganisha kupinda kwa bapa na kuzama kwa koni. Namba inayopatikana huzidishwa kwa 24.8 kupata makadirio ya nguvu ya mgandamizo. Kwa jiwe dhaifu kuna hatua ya nguvu ndogo zaidi, nyuton 12, na kizidishi chake ni tofauti.

Hakina umeme wala kugonga, kwa hiyo hakitoi cheche. Kuhusu matabaka hakisemi mengi: unaweza kugeuza kibanzi upande wa pili, lakini kibanzi kilichobaki kizima tayari ni kile ambacho hakikuachia. Kwenye jiwe la mchanga lenye chembe kubwa, koni ikiangukia punje ya kwazi inasoma punje, si jiwe. Pima vingi, uchukue wastani. Ugumu wake mkubwa kwetu ni kukipata na kupata ncha ya akiba.

Kinamfaa mwenye mwamba wa tope unaobomoka, penye nafasi finyu na gesi ya kuhofia.

Neno juu ya vifaa vya skrini

Vipo vipima-kudunda vya kielektroniki, vidogo, vyenye kumbukumbu ya mamia ya vipimo. Juu ya ardhi, kwenye kori za kinywe au ukuta wa shimo la wazi, vinafanya kazi nzuri. Chini, penye methani, swali linabaki moja: kina cheti au hakina. Kama hakina, kibaki ofisini.

Kwa hali yako

Kama huna bajeti kabisa, au ndiyo unaanza: nunua nyundo ya makanika, tindo, kisu na miwani, chapisha zile ngazi kwenye karatasi, ifunike kwa plastiki ikae mfukoni. Pima kila siku mahali pale pale kwa mwezi mmoja. Mkono wako utajifunza.

Kama una njia ndefu zilizokwisha chimbwa na unataka kujua wapi pa kuongeza bolti: Schmidt aina ya L, kwa marekebisho ya kupiga juu, na mtaimbo ukitangulia. Panapoonekana mabadiliko, chukua bonge.

Kama mgodi unachoronga na kori zipo, na mhandisi anasubiri namba: pointi lodi, kwa ncha na kwa ubavu, siku ile ile kori inapotoka. Peleka chache maabara kutengeneza kizidishi chako, na uzifunge kabla hazijakauka.

Kama paa ni tope jeusi linalobomoka vibanzi na njia ni ya kimo kifupi: kipimakoni, kikiungwa mkono na nyundo na tindo.

Kama uko Ruangwa kwenye shimo la dhahabu, jiwe lako ni la aina nyingine, gumu na lenye nyufa kuliko kurasa. Hapo nguvu ya jiwe mara nyingi si tatizo. Tatizo ni nyufa zinapokutana. Tumia nyundo, hesabu nyufa kwa kila mita, na pesa ya Schmidt inunue matimba, yaani magogo ya kuegemezea paa.

Na kama unatakiwa kutaja kimoja tu, kama mpwa wangu, rudi kwenye swali la jiwe ulilonalo. Yeye alisema mgodi wao unachoronga mara mbili kwa mwaka, paa ni mchanga na tope kwa kurasa, na mabamba yamewahi kushuka. Akaandika pointi lodi yenye geji ya mshale. Asubuhi, kabla ya kupanda basi la Masasi, tulipita dukani kwa fundi makanika akajinunulia nyundo na tindo kwa pesa yake mwenyewe.